Tikiti la Karibu na Goti

Marv, Jumatatu

Kwa dada yangu Anoshak, Mteule,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Je, kile kikohozi kimekuacha, au baridi ya Samarkandi bado inakusumbua? Sisi tuliobaki tu wazima wa mwili. Mke wangu anakusalimu sana, na mtoto ameanza kutembea. Hakuna chungu kilichosalimika.

Mwaka huu matikiti yamezaa mno. Ungeshangaa, wewe uliyezoea kuniita mvivu. Unajua Baba, tangu alipoingia utawa kwenu Wateule, hakugusa hata jani: asichume, asikate, asile ila alicholetewa nasi Wasikilizaji. Msako wa watu wa dini yetu ulipoanza nilimficha kwenye kibanda cha shambani. Kila jua likizama nilimkatia tikiti moja. Aliniombea msamaha wa dhambi ya kuujeruhi mmea kwa kisu, kisha akala.

Mwezi uliopita makuhani wa moto walituita uwanjani. Kila mtu alipewa kuku, amchinje na amle mbele yao, wapate kumjua aliye wa dini yetu isiyomwaga damu. Jirani yetu Mihrak alinicheka, “Haya, bwana matikiti, leo utakijua kitoweo!” Mzee mmoja alikataa, wakaondoka naye. Mimi nilichinja, dada. Nilikula, nikaguguna hadi mifupa.

Waliniachilia, lakini Mihrak akawa ananifuata nyayo kwa nyayo.

Umesikia kwamba Baba alikamatwa na askari. Uongo huo niliueneza mimi. Hakuna askari aliyemwona. Mimi ndiye niliyeacha kwenda shamba. Nilijiambia kwamba mikono yenye damu haifai kumlisha Mteule, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Tena nikajifariji kuwa njaa haina adabu, itamfundisha kuchuma. Kana kwamba simjui baba yangu!

Nilikwenda siku ya kumi na tisa. Nilimkuta amekufa, ameketi mlangoni pa kibanda, kitambaa cha chakula amekitandika mbele yake, uso ameuelekeza kwenye njia niliyozoea kujia. Matikiti yalikuwa yameiva hadi kupasuka. Moja lilikuwa karibu na goti lake. Hakuligusa.

Leo ni siku ya kuungama, na mji huu hauna tena Mteule wa kumpigia magoti. Umebaki wewe. Ukinisamehe, niandikie. Usiponisamehe, niandikie vilevile, nijue u mzima.

Wasalimie wote mliovuka nao mto. Nimekufungia humu mbegu za tikiti lile. Mpe Msikilizaji wa huko akupandie, na umwambie asikose kuja jioni.

Ni mimi mdogo wako niliyechelewa,
Windad