Baiskeli Mbili kwa Ajili ya Zuena

KITUO CHA POLISI, KOROGWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mdoe Mhando. Umri: miaka 33. Kazi: mkulima na fundi baiskeli. Makazi: Mazingara, Wilaya ya Handeni. Yameandikwa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1975, saa 9.10 alasiri.

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka jana mke wangu Zuena alifariki kwa uchungu wa kuzaa, akiwa juu ya keria ya baiskeli yangu, kabla sijamfikisha hospitali. Mwaka huu mimi na kaka yake, shemeji yangu Salimu, tuliamua kuendesha baiskeli kutoka Handeni hadi Korogwe kumkumbuka, ili Mazingara ijengewe zahanati. Watu wa Korogwe waliahidi mabati na saruji tukifika. Tulikuwa wawili tu.

Leo tuliondoka Handeni saa 12.30 asubuhi. Mganga mmoja wa hospitali alituazima koti lake jeupe, watu watambue kwamba safari ni ya zahanati. Nililivaa mimi kwanza. Likanibana makwapani, nikampa Salimu.

Mnamo saa 4 tulifika kwenye kijiji kipya ambacho jina lake silijui. Watu wamehamishiwa pale mwaka huu, nyumba zina namba na majirani hawajajuana bado. Tuliomba maji nyumba namba 17. Mama mmoja akatuletea kata ya maji. Mwanawe alikuwa na kidonda mguuni, na Salimu ndivyo alivyo, hawezi kuona mtoto anaumwa akapita tu. Aliinama akaushika ule mguu, akasema, "Pole, mjomba, hebu nione."

Yule mama akalitazama koti. Akamnyakua mwanawe, akapiga yowe kwamba mumiani wamekuja kuchukua damu ya mtoto.

Afande, unajua yowe likipigwa kwetu. Hakuna anayeuliza kwanza, na asiyetoka ataambiwa naye yumo. Walitoka na mapanga, mitwangio, wengine pinde. Salimu alinyoosha mikono akasema, "Jamani, sisi ni wa Mazingara, tumefiwa na dada yetu." Wakamkamata kwa lile koti. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba. Yangu ilikuwa barabarani. Nikapanda.

Sitaki kudanganya. Niliogopa, sijui nilikanyagaje pedali. Aliniita, "Shemeji, nisubiri." Aliita hivyo mara mbili. Mara ya tatu sikusikia maneno, nilisikia sauti tu. Sikugeuka. Hata nilipovuka daraja la mto Pangani nilikuwa bado nadhani wananifuata.

Nilifika sokoni Korogwe saa 7.20 mchana. Watu walipiga makofi, wakanivisha shada la maua. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, aliyewazaa Zuena na Salimu, alikuwa amekuja kutupokea. Aliuliza, "Mwenzio yuko wapi, baba?"

Nikamjibu, "Yuko nyuma, mama, anakuja."

Kwetu mkwe hatazamwi usoni, na leo nilishukuru. Nilikunywa maji waliyonipa. Kiongozi mmoja alihutubia, akanitaja jina. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima na shada shingoni, nikijua nilichokiacha kule. Niliona aibu, na woga ulikuwa uleule. Kisha nikasema naenda kujisaidia, nikaja hapa.

Kama Salimu yu hai sijui. Nawaomba muende sasa hivi, maneno mengine mtaniuliza baadaye.

Niliyoyasema yameandikwa kama nilivyoyasema. Nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi: M. Mhando

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, akatia sahihi mbele yangu. Gari liko tayari saa 9.45. Nimemtaka shahidi apande akatuonyeshe nyumba namba 17. Amekubali. Ameomba tuzunguke kwa njia ya nyuma, tusipite sokoni, kwa kuwa Bi Mwanaidi bado amekaa pale anatazama barabara ya Handeni.

Koplo Kaleb