Sasa Usiguse

Mama Rukia, mke wangu,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, kile kifua kimeachia, na ninakula vizuri kuliko unavyodhani. Kabla ya kusema yangu nataka kusikia yenu: mgongo unaendeleaje? Rukia bado anagombana na hesabu? Na Idi ameacha kulala na viatu? Nikifumba macho nawaona hapo Kondoa, nikifumbua naona ziwa.

Ulisema kwenye simu nakuzungusha, kwamba kila ukifika kwenye swali lako mtandao unakatika. Ukanitaka niandike kwa mkono, maana karatasi haina mtandao. Haya, naandika. Swali nalikumbuka neno kwa neno: "Tuje, au unarudi? Sema moja nijipange, Januari shule zinafunguliwa." Nitalijibu humu humu. Ila nivumilie, tangu niketi nimeshainuka kuchemsha chai, kufunga dirisha na kulifungua tena.

Kwanza nikueleze habari za kompyuta, na usinicheke. Zile kuukuu tulizopewa msaada hapa shuleni, nilikuambia zilivyokuwa zinawaka polepole mpaka kipindi kinakwisha. Nikaondoa Windows, nikaweka Linux, ambayo ni ya bure na haizilemei. Zikafufuka. Mkuu wa shule akanishukuru mbele ya walimu wote, kichwa kikavimba. Kumbe hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Linux inakuachia uchague sura ya kompyuta wewe mwenyewe. Menyu ikae chini au ubavuni, maandishi yawe makubwa au madogo, faili lifunguke kwa kubofya mara moja au mbili, yote unaamua. Na sura zenyewe ziko nyingi, kila moja na jina lake. Sasa mtu aliyekuwa anahamisha kabati kila mwezi, mpaka ukagonga kidole gizani, mtu huyo umpe kitu kama hicho!

Nikaanza na Plasma. Hiyo ina madoido, dirisha linayumba ukiliburuta. Wanafunzi wakapiga makofi, kompyuta zikaanza kuhema. Nikaweka Xfce, nyepesi, haina mbwembwe. Ikanichosha mapema tu, nikaanza kuipamba: menyu nikaipeleka ubavuni, nikafuta maneno, nikabakiza vipicha. Jumapili wenzangu wako kanisani, mimi nimejifungia chumba cha kompyuta nahamisha vitu. Nilijiambia natafuta sura itakayowafaa wanafunzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kutulia. Swali lako lilikuwa kichwani, na yule mwalimu wa huko kwetu Kondoa, mzaliwa wa Liparamba anayetaka tubadilishane vituo, alikuwa haishi kunipigia: "Vipi kaka, umeamua?" Sikuwa nimeamua. Asubuhi natamani kurudi, jioni natamani mje.

Basi Jumatatu moja nikaenda Mbamba Bay, halmashauri, kuulizia huo uhamisho. Sikumwambia mtu kwamba jana yake nilikuwa nimegeuza sura ya kompyuta zote. Siku hiyo kidato cha pili walikuwa na mtihani. Mwalimu wetu wa taaluma, Mwalimu Kapinga, mama mtu mzima kutoka Maguu kule juu kwenye kahawa, akaingia kuuprinti. Menyu hakuiona. Vipicha havijui. Akanipigia, nami simu nimeizima, niko kwenye foleni. Wanafunzi wakasimama juani wakisubiri, mpaka yule mama akachukua chaki. Mtihani aliutunga mwenyewe, basi akaandika maswali yote ubaoni, akatoka mkondo wa kwanza akaenda wa pili, akaandika tena.

Niliporudi nilimkuta ana chaki mpaka kwenye kitenge. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaendelea kupanga karatasi za majibu. Ningeona nafuu angenigombeza. Nikaanza kujieleza, eti hii sura mpya ni nzuri zaidi, ukishaizoea.

"Nitaizoea lini, baba?" akaniuliza. "Nikizoea hii, Jumatatu utaleta nyingine. Wewe mwalimu unahama kila wiki, na bado uko hapa hapa."

Sikuwa nimemwambia habari za Kondoa, ingawa nadhani shule nzima walishajua.  Nikamvutia kiti.

"Basi niambie wewe, mama. Vitu vikae wapi?"

Akaketi, akawa ananionyesha kwa kidole. "Menyu hapa chini, na maneno yake. Mitihani hapa. Printa hapa, niione. Herufi nikuzie, macho haya si ya ujana." Nikafuata kila alichosema, kwa Xfce ile ile niliyoiona inachosha. Tulipomaliza akainuka, akajikung'uta chaki.

"Sasa usiguse."

Sijagusa, mke wangu. Mikono inaniwasha, lakini sijagusa. Na wiki iliyopita nimeona jambo. Binti wa kidato cha tatu alikuwa anabishana na mwenzake, samaki gani mtamu zaidi, mbasa au usipa, uso kaugeuzia huko kwenye ubishi. Mkono wake ukaenda kwenye menyu, ukafungua faili lake, bila yeye kuangalia. Nikatoka nje nikasimama karibu na chanja za kuanikia usipa, moyo unaniuma. Niliwafikiria Rukia na Idi, ambao kila siku wanaambiwa labda tutahama, labda baba atarudi. Nikakufikiria wewe, na cherehani yako iliyofungwa kwenye boksi kwa ajili ya neno langu ambalo haliji.

Nilikuwa naogopa. Nikiwaita, basi hapa panakuwa kwetu, na mambo yakiharibika sina wa kumlaumu. Jana nimempigia yule wa Liparamba, nimemwambia atafute mwenzake mwingine. Amenuna, na ana haki.

Jibu lako ndilo hili: njooni. Sikudanganyi, umeme unakatika, msikiti uko mbali kidogo, mvua zikianza barabara ni tope, na mlenda wa huko nyumbani utauota tu. Lakini cherehani njoo nayo, hapa mafundi ni wachache. Na Idi akiliona ziwa atavua viatu mwenyewe.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, mwambie nimemsikia hata aliyonisema nikiwa sipo. Shemeji Hamisi anayetuchungia mbuzi, mwambie wale wawili wakubwa ni wake sasa. Mama yangu mweleze taratibu, ukiwa umeketi naye, asije akayasikia sokoni. Na yule mzee jirani anayewafungulia maji, msalimie sana. Barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzangu anayepita Kondoa kwenda kwao Babati, mpe chai.

Nyumba nimepata, vyumba viwili na sebule. Nimeingiza kitanda tu. Kabati nimechongesha kwa fundi, vijana wake wakalitua katikati ya sebule wakaondoka. Liko hapo hapo. Napishana nalo kila nikipita, limeshanigonga kidole, na sijalisogeza. Linakungoja wewe uje useme likae wapi.

Mumeo,
Baba Rukia