Vigingi vya Kampuni Shambani Kwetu

Jumapili, 8 Machi 2009

Kanisani watu walikuwa wakitazama mawingu dirishani zaidi ya mhubiri. Endebess nzima imelima, sisi tu bado! Mume wangu Ngari hataki trekta iguse hata kona. Ati kampuni ya madini iliweka vigingi mwaka jana, na mashine ya kutoboa ardhi itakuja, basi shamba liachwe wazi. Kampuni kubwa hiyo, anasema — shaba Amerika, makaa Afrika Kusini, nikeli Australia — itatulipa mpaka tusahau mahindi. Nikamwambia mwenye migodi kote huko hana haraka na mume wangu. Amenuna hadi chakula cha jioni.

Mwaka jana tulipanda kwa kuchelewa sababu ya vurugu za uchaguzi. Ghala limebaki tupu. Naogopa.

Jumatano, 18 Machi

Kitale, kununua mbegu. Nikapitia ofisi ya kampuni. Chepkemoi, yule msichana wao wa kuongea na wakulima, alikuwa anafunga makaratasi kwa maboksi. Nikamuuliza habari ya fidia. Akaniambia wanalipia mimea wanayoharibu. Shamba tupu halilipwi kitu!

Na mashine inakuja lini? Akatazama mlango kwanza, kisha akaninong'oneza. Bei ya shaba imeanguka dunia nzima, wakubwa wanafunga migodi yao wenyewe, sembuse kuanza mingine.

"Lakini mama, si mimi nimekuambia."

Mbegu nimezificha chini ya kitanda.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemweleza Ngari. Amesema Chepkemoi ni karani tu, neno la kweli litatoka ng'ambo. Halafu mbona nilienda bila kumwambia?

Jioni jirani yetu Cherono akapita na kofia ngumu ya kampuni, ya kuwekea kuku maji. Kampuni imeuza vitu vya kambi yake — vitanda, viatu vya gambuti, hata sufuria. Ngari akaigeuzageuza ile kofia, akamrudishia, akatoka nje. Nilimhurumia. Hasira haikuisha lakini.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua! Imenyesha vizuri, udongo umelainika. Na bwana yuko wapi? Bungoma! Ameenda kuangalia ploti Kibabii, ya kununua na pesa za kampuni. Atalala kwa binamu yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu ni mimi.

Nimempigia Khaemba wa trekta.

Jumanne, 24 Machi

Khaemba alifika mapema. Amelima upande wa juu mpaka kwa vigingi, akasimama.

"Mama Gathii, hizi nipite juu yake? Mzee atasema aje?"

Kabla sijajibu, simu. Ngari. Ploti ni nzuri, iko karibu na barabara, mwenyewe amekubali kungoja pesa. Nikamwacha aongee. Akauliza kama huku kumenyesha. Nikasema kumenyesha. Akauliza kama Cherono amepanda. Nikasema amemaliza.

Halafu akauliza: "Hiyo ni trekta nasikia?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Yetu, Baba Gathii."

Simu ikakatika. Sijui ni yeye ama ni netiweki.

Nimekaa hapa kwa ukingo wa shamba, naandika. Khaemba anamalizia chai. Kigingi cha kwanza nimeking'oa mwenyewe. Nilijitayarisha kuvuta kwa nguvu — kikatoka kwa mkono mmoja. Hakikuwa kimeingia hata shibiri.

Khaemba amewasha injini. Simu inalia tena.