Sindano ya Waya wa Klachi

Dada Kabula,

Madumu mawili ya petroli ya Mama Atupele yamewekwa katikati ya kijiwe, juani, na bodaboda wameyazunguka kama wamekamata mwizi. Mwenyewe amekaa pembeni juu ya ndoo aliyoipindua. Wanamsubiri mwenyekiti wao, kapeleka abiria Matema. Akirudi watakaa waamue kama wamfukuze hapa Ipinda asiuze tena. Na mimi nimejificha nyuma ya gereji, nimekalia tairi, nakuandikia wewe.

Samahani, nimeanza bila salamu. Shikamoo dada. Mguu wa mama vipi, ameshaweza kwenda kisimani mwenyewe? Shemeji hajambo? Mtoto ameota meno? Mimi mzima, ila mvua ya huku haina adabu, nguo hazikauki. Ningepiga simu, lakini unanijua, kwenye simu nakauka, halafu shemeji anaweka sauti kubwa mnasikiliza nyumba nzima. Hili nataka ulijue wewe kwanza.

Huyu Mama Atupele anauza petroli ya chupa hapa kijiweni. Siku ile nilipoachwa na lori, nikiwa bado utingo, homa imenishika, yeye ndiye alinipa ndizi na mbasa, samaki wao wa ziwani, akaniambia kalale kwenye banda la kokoa. Hakuniuliza kabila wala dini. Nilipopata nafuu akaniombea kazi kwa Fundi Ambokile. Mpaka leo nalala kwenye banda lile lile. Asubuhi nikimsalimia kwa lugha yao, "ugonile", anacheka. "Mwanangu, Kinyakyusa chako kina vumbi la Tabora."

Sasa sikiliza nilichofanya.

Gereji yetu vifaa vya dukani hatuna, tunatengeneza wenyewe. Bisibisi ya kabureta nimeitengeneza kwa spoku ya baiskeli, nimeigonga bapa nikainoa kwa tupa. Kipimo cha boya la mafuta nimekata kwenye kopo la rangi. Sasa mle ndani ya kabureta kuna kidude cha njano kinaitwa jeti, kina tundu dogo kabisa, petroli inapita pale. Uchafu ukiziba, pikipiki haiendi. Fundi alinifundisha kuzibua kwa unywele wa shaba, ule wa ndani ya waya wa redio, kwa sababu ni laini. Aliniambia, "Shija, hiyo ni kama sikio la mtoto. Huchokonoi kwa msumari."

Lakini shaba inajikunja dada. Unasukuma inapinda, unasukuma inapinda, na mteja yuko pale anapiga honi. Nikaokota waya wa klachi uliokatika, nikachomoa uzi mmoja wa chuma, nikaunoa kwenye jiwe siku mbili, nikauchomeka kwenye ganda la kalamu. Ikawa sindano. Ukiingiza mara moja tu, kazi imekwisha. Fundi alipoiona aliijaribu kwenye jeti moja, halafu na yeye akaanza kuwaonyesha wateja. "Mnamwona huyu Mnyamwezi haongei? Akili zake zote ziko kwenye vidole." Mimi sijawahi kusifiwa mbele za watu. Nikazibua kabureta za karibu kijiwe kizima. Nilikuwa naisukuma ile sindano na kuirudisha mpaka niisikie inateleza.

Msimu wa kokoa ulipoanza ndio yakaanza maneno. Pikipiki zinakunywa mafuta, zinatoa moshi mweusi, ukiweka gunia ukaelekea Busale inakuzimikia. Lusajo, ndiye mwenye mdomo kuliko wote hapa, aliishiwa mafuta porini akiwa amempakia mama na mtoto mgonjwa, wakatembea kwenye mvua. Alirudi amelowa mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele ya Mama Atupele.

"Wewe mama, hii unayotuuzia ni petroli au maji ya kuoshea masufuria?"

Mwingine akadakia, "Hiyo ya magendo, ya kuvukisha mto Songwe hiyo! Si ana mashemeji Malawi!"

Wakacheka. Mama Atupele akamwambia Lusajo, "Nkamu, ndugu yangu, pikipiki yako imekunywa kwangu mwaka mzima haijaugua. Leo ndio imekuwa sumu?"

Tangu hapo hawanunui kwake. Na yeye shamba la mpunga hana, lilirudi kwa ndugu wa marehemu mumewe. Hayo madumu ndiyo shamba lake.

Mimi kazi yangu kuangalia, unanijua. Nikaona mwalimu wa kwaya ananunua kwa Mama Atupele kila siku, na pikipiki yake haina moshi. Hiyo haijawahi kufika mikononi mwangu. Halafu kuna moja inajazwa kituoni Kyela mjini, haijui hata chupa ya mama inafananaje, na plagi yake nyeusi kama tako la sufuria. Hiyo nimeizibua mimi.

Jana nikatengeneza kifaa kingine. Nimechukua chupa ya maji, nimetoboa kizibo, nimechomeka mpira wa dripu, nikaining'iniza kwenye usukani iwe ndiyo tenki. Nikatia petroli ya Mama Atupele kikombe kimoja cha chai. Pikipiki ya mwalimu ikaenda mpaka darajani ikarudi, na mafuta yakabaki. Ya Lusajo nikaitilia kikombe kile kile, kutoka dumu lile lile. Ilifika darajani, lakini kurudi ikazima kabla ya kanisa. Nikaisukuma mpaka gereji. Nikanunua jeti mpya dukani nikaingiza sindano yangu, ikakwama katikati. Nikaingiza kwenye ya Lusajo, ikapita yote na ikawa inacheza humo ndani.

Nimezipanua dada. Chuma kimekula tundu, sasa petroli inamwagika tu.

Nikamwonyesha Fundi. Akaziinua juani, akachungulia tundu moja moja.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi life hapa hapa. Wakija tutabadilisha moja moja, tutasema zimechakaa. Hili likifika kijiweni, gereji hii kesho ni banda la kuku."

"Na Mama Atupele?"

"Atauza maandazi."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaangalia chini. Ana watoto sita, na ni yeye aliyekuwa anaitembeza ile sindano kwa wateja.

Nimekumbuka mzinga wa baba. Nilivyoupanua tundu kwa kisu nikidhani nawasaidia nyuki, wakahama. Baba akasema ni mzee Kulwa jirani, kawafukuza kwa uchawi. Wewe ulinikanyaga mguu nisiseme maana fimbo ilikuwa mkononi. Sikulaumu dada, ulinihurumia. Lakini mzee Kulwa amekufa hajasalimiana na baba, na mimi mpaka naondoka Sikonge nilikuwa nikifika kwake nazunguka porini. Hapa pa kuzunguka hakuna. Tumegawana ukuta na Mama Atupele.

Leo asubuhi kanipa chai, halafu kaniletea kifuniko cha dumu. "Mwanangu, wewe unajua pikipiki. Nusa uniambie kweli, mafuta yangu yana kitu?" Nikanusa. Nikasema, "Hayana kitu mama." Akasema, "Ndaga, asante mwanangu. Wewe mmoja unanitosha." Akaenda zake na madumu kijiweni. Ile chai sikuweza kuimaliza.

Msalimie mama, ila hapa pa Fundi usimsomee. Msalimie shemeji, na mjomba mrina asali, mwambie nilimdharau aliposema mikono yangu ina haraka. Bibi mpe shikamoo yangu akiwa ameshakula, asije akalia. Mtoto mbusu. Barua nitampa kondakta wa gari la Mbeya, ataifikisha kwenye basi la Tabora. Nikifukuzwa hapa sijui nitalala wapi, lakini nitakutafuta.

Mwenyekiti amefika. Nasikia pikipiki yake inakohoa, na hiyo pia niliizibua mimi. Huyu huwa anauliza mara moja tu, "Nani ana neno?", kisha anafunga kikao. Sindano na zile jeti mbili ziko mfukoni, chupa yenye mpira ninayo mkononi, nikikauka nitawaonyesha. Naenda dada, ameshasimama.

Mdogo wako,
Shija