Fomu Mbovu za Dirisha la Mbolea

Jumatatu, 3 Oktoba 1977
Leo kutwa najaza fomu mbovu—na kulipwa nitalipwa! Alhamisi tunaanza kuandikisha watu wa mbolea hapa Mbeya, na Ndugu Fanueli, mkuu wa ghala, kanipa mimi kazi ya kuwajaribu makarani. Nimewapa tarehe 31 Februari. Shamba la ekari "nyingi". Mtu atakayezaliwa mwakani. Joachim wa dirishani kazikamata, kazirudisha na sababu. Moja tu ilimpita: mzee wa miaka mia tatu. Nimemcheka mpaka kaona haya.

Jumanne, 4 Oktoba
Sheria nimeibandika ukutani mwenyewe. Nafasi tupu, fomu inarudi. Na kila mtu ajibu mwenyewe, asisemewe—mwaka jana walisemewa mpaka marehemu! Nimemwambia Ndugu Fanueli, ukitoboa tundu moja wote watapitia hapo. Kafurahi. Sisi wa Kihesa, Iringa, tukishika kazi tumeshika.

Alhamisi, 6 Oktoba
Foleni mpaka barabarani. Kazi safi! Ila mama mmoja, Tupokigwe, fomu yake inarudi tu. Ekari kajaza. Mume kajaza, yuko migodini Zambia. Jina la baba wa mume—tupu. Nikaenda mwenyewe. Mama, baba mkwe wako nani? Kainama, khanga mdomoni. Nikampandishia sauti, jamani. Wanawake wakaangua kicheko: we dada wa Iringa, mke wa Kinyakyusa hatamki jina la baba mkwe, wala haliandiki! Jirani yake akataka kumtajia. Joachim akakataa, akaonyesha karatasi yangu ukutani.

Kesho mwisho wa kuandikisha. Bila mbolea, mahindi yake yatadumaa, majani ya manjano, na ana watoto. Nimemfuata Ndugu Fanueli, nimemwomba aruhusu jirani amtajie. Kanijibu ukitoboa tundu moja... Maneno yangu yaleyale! Nimekasirika sana. Nilijaribu fomu za waongo na za wazembe. Ya mtu mwenye adabu zake haikunijia kabisa.

Ijumaa, 7 Oktoba
Naandika haraka, dirisha bado. Karatasi nimeibandua. Gundi yangu kali, imetoka na rangi ya ukuta! Tupokigwe wa kwanza kwenye foleni, jirani yake ubavuni. Nimemwambia jirani ataje, mimi nitaandika. Tupokigwe kashaziba masikio yote mawili. Ndugu Fanueli kaingia, anatazama ukuta, anauliza nani kafanya hivi. Nimesema mimi. Namwambia Joachim, fungua—