Usikimbilie Nyumbani Moto Ukigeuka

Mume wangu mpenzi,

Hilo neno "mume" nalirudia hata nikiteka maji, mpaka watu wananiangalia. Wiki tano tu za ndoa, na tayari kambi ya kuzuia moto imekuchukua! Huko hakuna mtandao, kwa hiyo barua hii inakuja na dereva wa gari la maji. Najua wenzako watakunyang'anya waisome kwa sauti. Waisome. Leo naogopa, na nataka nyote msikie.

Unakumbuka siku uliyonileta hapa kwenu, nje ya Mtito Andei, kutoka kwetu Mutomo? Kabla hata sijaona nyumba, ulinipeleka kwenye mpaka wa hifadhi ya wanyama ukanionyesha ule mkanda mliofyeka, udongo mtupu, mpana kama barabara ya lami. Nikakuuliza, "Hii ndiyo fungate yangu?" Ukacheka. "Moto ukitoka huko ndani utaishia hapa, usifike kwa mama." Tukautembea nikiwa na viatu vya harusi, na nikakupenda upya.

Halafu wanakijiji wakaruhusiwa kukata nyasi za hifadhini ili zipungue. Ulinikuta nikifunga matita, ukawaambia wenzako, "Mwoneni bibi yangu! Tita moja linashibisha ng'ombe kumi!" Nilijivuna siku nzima.

Jana nilienda na mwaitu, mama yako, kuyaangalia. Mpenzi, mkanda umejaa matita. Kila mtu ameyaanika palepale, kwa sababu pako wazi, punda anafika, na nyasi zinakauka vizuri. Sisi tunaoujua ukame hatuachi hata unyasi mmoja upotee. Yetu yalikuwa pale pia, na ni mimi niliyeyapanga. Na kesho mnachoma nyasi zilizobaki upande wa hifadhi! Mtautazama moto ulio mbele, kumbe mgongoni mna nyasi kavu. Cheche moja tu, mmezungukwa. Nikaanza kulia.

Mwaitu akaniambia, "Fungua punda. Kulia utalia tukitembea."

Yetu tumeyahamisha yote, na majirani wengi wametoa yao. Lakini mzee mmoja, ambaye matita yake ndiyo mengi zaidi, amekataa. "Bibi harusi, umekuja juzi na unanifundisha moto?" Ukame uliopita ulimmalizia ng'ombe, akabaki na wawili. Naogopa kuyagusa bila ruhusa yake, na naogopa zaidi kuyaacha. Yako pale mkanda unapopinda kuelekea mto mkavu. Mwonyeshe mkubwa wenu barua hii. Msiwashe hata kiberiti kabla hajaenda kuzungumza na mzee huyo.

Nilisubiri miaka mitatu uvuke kuja kwetu Kitui kuniposa. Siwezi kukusubiri tena kama anavyosubiriwa asiyerudi.

Kama mtachoma na upepo ukageuka, najua moyo wako utakutuma mbio huku kwangu. Usije! Katikati yetu kutakuwa na nyasi za watu. Kimbilia palipokwisha kuungua. Simama kwenye majivu, hata yakikuchoma viatu. Mimi na mama tutakuwa tumevuka reli. Moto ukizima, wewe kaa hapohapo.

Mimi ndiye nitakayekuja kukuchukua.

Akupendaye hadi anatetemeka,
Mkeo