Karatasi ya Kijani Chini ya Cherehani

Chumba Na. 7, Ghorofa ya Chini,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichotuandikia kimekuacha. Mumeo na binamu zangu pacha hawajambo? Sisi miili ni mizima. Magoti yanamsumbua Bibi, lakini utani haujampungua.

Kabla sijaendelea: ndani ya bahasha kuna karatasi ya kijani. Tafadhali usiitupe. Nitaeleza, ila naona aibu.

Unajua hapa nyumbani mimi ndiye msomaji wa karatasi zote. Baba huniita Wakili. Karatasi ikifika nasoma kimyakimya, kisha yeye huinua kidole kimoja, maana yake nimpe yote kwa sentensi moja, kazi inamngoja. Mwezi uliopita ilifika barua ya kurasa mbili kutoka kwa wenye jengo. Paa, mabomba, rangi, paa tena. Baba akainua kidole. Nikasema, "Wanatukarabatia jengo."

Alifurahi mno, akamwambia Bibi, "Mama, ndoo yako ya kukinga matone inastaafu!" Akaikunja barua pamoja na karatasi ya kijani, akaziweka chini ya ule mguu wa cherehani unaoyumba. Mimi nikakimbia kumtangazia fundi viatu, jirani yetu.

Shangazi, ukurasa wa pili niliupitia juu juu tu. Kichwa cha barua kilikuwa "Ukarabati", na neno lenyewe limo mara kumi na moja. Nikajiona nimeelewa.

Jumatatu mwalimu wa lugha alitufundisha kusoma makala. Akauliza, "Nikitaka kujua mama yako kasema nini, ukanijibu 'kasema kuhusu sufuria', umemsikia kweli?"

Mmoja akapayuka, "Alitaka nizioshe, mwalimu!"

"Basi sufuria ni mada. Kuziosha ndilo wazo kuu. Msiniletee sufuria kwenye mtihani."

Darasa zima lilicheka. Mimi nilikumbuka kidole cha Baba. Nilikuwa nimempa sufuria.

Nilirudi nikakuta ametoka kununua uzi. Nikapiga magoti, nikainua cherehani kwa bega, nikaichomoa barua. Safari hii kila aya niliiuliza inanipeleka wapi. Zote zilinipeleka ukurasa wa pili: vyumba vya chini vitahamwa mwezi mzima wa Julai, na watakaorudi ni wale tu ambao mwenye jina kwenye mkataba atakuwa amejaza fomu ya kijani na kuifikisha ofisini kabla ya tarehe 30 Juni. Fomu isipofika, chumba atapewa mtu mwingine.

Baba alipoingia nilianza na habari za paa, nikawa nazunguka kwa woga. Akainua kidole. Nikasema, "Tutapoteza chumba." Hakunigombeza. Alikaa akashika gurudumu la cherehani bila kulizungusha.

Fundi viatu yeye fomu yake alikwisha kuikata kiolezo cha soli. "Wakili," akaniambia, "umenikatisha nyumba kwa mkasi wangu mwenyewe!" Lakini ofisini walimpa nyingine, akaijaza palepale, kwa kuwa mkataba wake una jina lake.

Wetu una jina lako, Shangazi. Ulikipanga chumba kabla hujaondoka, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Tulikwenda na Baba kumsihi karani. Akatujibu bila kuinua macho, "Sahihi yake mwenyewe, karatasi yenyewe. Picha ya simu hatupokei." Barua huchukua siku nane kufika kwako na nane kurudi. Nimehesabu kwenye kalenda mpaka kalamu imetoboa. Zinabaki siku nne tu, kama hakuna kitakachochelewa njiani.

Bibi huniuliza kila asubuhi kama nyumba bado ni yetu. Anauliza akicheka, lakini nimemwona akifunga vikombe kwenye magazeti.

Sasa naona hata mimi nimeandika kama wenye jengo, jambo lenyewe nimelificha nyuma. Basi hili hapa, kwa sentensi moja: jaza fomu, tia sahihi, uirudishe siku hiyohiyo. Ila usiniamini, Shangazi. Isome mwenyewe, pande zote mbili. Nyuma kuna maandishi madogo. Nimeyasoma mara tano na bado naogopa.

Wasalimie mumeo na pacha wote wawili, yule mpole na yule mwingine. Bibi anasema Mungu akulinde, na amlinde pia mtu wa posta. Baba anakusalimu sana. Cherehani yake inayumba tena, lakini hataki kuweka karatasi yoyote chini ya mguu wake.

Wako akupendaye, anayehesabu siku,
Wakili